Nshakunywa, mama

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Bukoba, nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha wageni nyumbani kwa mama mkwe, grinda nimeizungushia taulo ili isipige kelele.

Taulo halikusaidia kitu.

Grinda ya mkono kwenye nyumba iliyolala inalia kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili. Krrr, krrr, nasimama, nasikiliza, mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta, nasubiri alale, krrr tena. Gramu 15 tu lakini nilizisaga kama dakika tano kwa kuogopa. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, najificha kama mwanafunzi wa bweni anayekaanga mayai kwa pasi.

Maji nikachemsha kwa jagi dogo la umeme nililotoka nalo Dar. Nikamimina, nikakoroga, nikahesabu dakika mbili, nikakandamiza pole pole. Na ile kahawa, jamani, ilikubali. Napika kahawa mwenyewe huu mwaka wa sita na sidhani kama nimewahi kupata kikombe kama kile, kitamu bila sukari, hakina ule ukakasi unaobaki kooni, nikakinywa nimekaa kwenye kona ya kitanda nasikiliza mvua kwenye bati na moyoni najipongeza.

Saa moja nikatoka sebuleni, nimenawa, nimechangamka. Mezani chupa ya chai, kitambaa cheupe cha kufuma, vikombe vimefunikwa, sahani ya mayai na viazi. Na pembeni, peke yake, kopo jipya la Africafe, kahawa ya unga ya kukoroga tu. Mama kashika kijiko.

"Karibu chai baba. Nimeambiwa wewe ni mtu wa kahawa."

"Asante mama, nshakunywa."

Akasema haya, akarudisha kijiko kwenye sahani, akanikaribisha viazi. Nikala viazi vizuri tu.

Kesho yake asubuhi kopo halikuwepo mezani.

Na hilo kopo ndo limenikalia kichwani wiki ya sita sasa.

## Mzigo wenyewe

Wanaonijua wanajua begi langu la kahawa, ila kwa faida ya wengine: AeroPress (bomba la plastiki, unaweka kahawa na maji ya moto unakandamiza ichujike), grinda ya mkono, mizani ndogo kama ya sonara, filta za karatasi kwenye kibahasha, kipimajoto, na kahawa yangu ya Mbozi kwenye mfuko wa zipu. Zamani nilikuwa nabeba na V60, kidude cha udongo cha kuchujia kahawa, na birika la shingo ndefu. Niliacha baada ya safari moja ya Tanga ambayo kile kidude cha udongo kilifika vipande vitatu.

AeroPress ni plastiki, huiui hata ukiikalia. Aliyeibuni, Alan Adler, ni Mmarekani yule yule aliyetengeneza pete ya kurusha inayoitwa Aerobie, akaitoa mwaka 2005, na ukiishika unaona kabisa ni kazi ya mtu anayewaza vitu vya kutupwa juu vikaanguka salama.

Grinda ndo ya gharama. Bei yake halisi siandiki hapa, mke wangu anasoma humu na mimi nilimtajia kama theluthi mbili. Kuna siku alitaka kusagia hiliki za pilau nikamzuia kwa sauti ambayo mpaka leo naijutia, nikaanza kumfundisha kuhusu meno ya chuma na harufu inavyong'ang'ania na mafuta yanavyoziba, yeye amesimama na hiliki zake kiganjani. Zikatwangwa kwenye kinu. Siku tatu tuliongea mambo ya ada ya shule tu.

Kwaiyo sheria ya nyumba: hicho kimashine ni cha kahawa, hakisagi kitu kingine.

## Maji ya Singida

Huko Kagera nilikuwa na kazi ya siku tatu Muleba, na mke wangu akaniambia mapema kwamba huwezi kufika mkoa ule ukalala gesti wakati mama yupo. Sawa. Nikapanda basi pale Magufuli, Mbezi, alfajiri, chupa ya chai imejaa maji yaliyochemka saa tisa usiku.

Nataka niseme ukweli kuhusu kahawa ya kwenye basi maana mitandaoni watu wanapiga picha nzuri tu. Haiwezekani. Kukandamiza AeroPress juu ya paja gari likiwa kwenye mwendo ni kujitafutia kidonda, nimeshajaribu, niliunguza suruali na heshima. Ukitaka kahawa ndani ya gari ilowekwe tangu usiku, unga wa chenga chenga gramu 35 kwenye chupa ya nusu lita ya maji ya baridi, asubuhi unaichuja kwa kitambaa safi, basi. Haina harufu sana lakini inakunywika na haimwagikii mtu.

Mimi nilitaka ya moto.

Singida tumefika jioni. Dereva anatangaza dakika ishirini, wanaochimba dawa wachimbe, wanaokula wale. Mi nikakaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja nikatoa vyombo. Nikapima maji yangu kwenye chupa: digrii 65. Na hapo ndo tatizo la safari yote lilipo, watu wanahangaika na vyombo wakati shida ni maji. Kahawa inataka maji ya digrii 90 na kidogo, ukiyapunguza sana hayatoi utamu kwenye unga, yanatoa uchachu tu na rangi. Unaweza ukasaga laini zaidi na ukaiacha ikae muda mrefu, inasaidia kiasi, lakini 65 ni maji ya kuogea mtoto.

Nikamwomba mama ntilie maji ya moto. Akanimiminia kutoka kwenye sufuria yenye masizi, akakataa hela, akabaki amesimama anaangalia. Mzee niliyekaa naye siti moja tangu Dar naye akasogea.

"Hiyo ni ya sukari au presha?"

Nikamwambia ni kahawa mzee wangu. Akaangalia ile bomba, akaangalia mizani, akaangalia kipimajoto.

"Pole sana," akasema.

Mpaka leo sijui alinipa pole ya nini. Ila kahawa ilitoka vizuri, nikamkaribisha akaonja kidogo, akasema inafaa ila wamekunyima sukari.

Kwenye mambo ya maji kuna kitu kingine watu hawakijui mpaka kiwaadhibu. Kila ukipanda kama mita 300 maji yanachemka digrii moja chini. Dar yanachemka 100, Bukoba pale ziwani ni zaidi ya mita 1,100 kwahiyo unapata kama 96, ambayo kwa kahawa ni raha tupu, hata husubiri yapoe. Jamaa yangu anayepandisha wageni Kilimanjaro anasema wanakuja na vyombo vya hela nyingi, wakifika Kibo Hut, mita 4,700 na kitu, wanashangaa kahawa imekuwa chachu. Maji pale yanatokota vizuri tu kwa macho lakini ni digrii 84 hivi.

Na jagi la umeme la gesti msiliamini. Watu wanachemshia mayai humo.

## Mvua

Sasa turudi kwa mama.

Nimefikiria sana kwanini kahawa ya asubuhi ile ilikuwa tamu vile. Mbegu zilikuwa zile zile za Mbozi nilizokuwa nakunywa Dar wiki nzima na nilikuwa naziona za kawaida. Grinda ile ile. Nikaja kugundua ni maji. Nyumbani Dar natumia ya kisima, yana chumvi chumvi, jagi linaota ukoko mweupe kila mwezi, na maji ya hivo yanafuta vionjo vya kahawa, inakuwa bapa, kama redio iliyofunikwa na mto. Bukoba mvua inanyesha kama haina nauli ya kurudi, kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mama anakinga ya bati kwenye simtanki nyuma ya jiko. Mimi nilijaza jagi langu pale kwenye bomba la simtanki usiku, kimya kimya, natembea kwa vidole.

Yaani kikombe bora cha maisha yangu nilikipika kwa maji ya mama, kwa umeme wa mama, chini ya bati la mama.

Alafu nikamwambia nshakunywa.

## Kikapu

Kuna kitu nilikiruka hapo juu maana wakati kinatokea sikukipa uzito.

Usiku niliofika, kabla hata sijafungua viatu vizuri, mama alileta kikapu kidogo cha ukili, kimefunikwa, ndani kuna punje za kahawa ya kutafuna. Wahaya wanaijua, wenyewe wanaita akamwani. Buni za robusta zinachumwa bado mbichi, zinachemshwa na majani yenye harufu, zinaanikwa, alafu unatafuna hivo hivo na ganda lake. Stendi ya Bukoba wanauza kwenye vifurushi. Ilikuwepo huku kabla mkoloni hajafika, na huko nyuma watu walikuwa wanakula kiapo cha undugu kwa punje hizo. Na mgeni akiingia ndani ndo kitu cha kwanza kuwekwa mbele yake.

Nikachukua mbili. Chungu kidogo, zina harufu kama ya dawa ya majani, ukizoea zinakaa poa. Nikasema asante mama, nikarudisha kikapu, akili yangu iko kwenye kutafuta soketi ya umeme chumbani ipo ukuta gani.

Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ambayo ndo aina ya kahawa yangu ya Mbozi, kwaiyo punje kwa punje zile za mama zina nguvu kuliko zangu. Bila grinda, bila mizani, bila karatasi. Miaka sita natafuta kifaa chepesi cha kubeba kahawa safarini na mama amenikabidhi mkononi, mi nawaza soketi.

Nyuma ya nyumba mibuni imesimama katikati ya migomba, kibanja chote, unaiona dirishani. Na mimi nimebeba kahawa kutoka Dar. Kilomita elfu moja na mia nne na zaidi. Kupeleka kahawa Bukoba!

## Jaws Corner

Niliporudi nilimsimulia rafiki yangu mmoja mpenzi wa kahawa, nikitegemea anitetee. Alinitetea. Akasema kahawa ya kopo ni kahawa ya kopo, umejiheshimu, huwezi kunywa kitu usichokipenda kisa adabu.

Nikaridhika kama siku mbili.

Alafu nikakumbuka Unguja. Mwaka jana nilikaa Jaws Corner, kijiwe cha kahawa pale Mji Mkongwe, jioni tatu mfululizo nakunywa kahawa ya dele, imechemka tangu mchana, ina tangawizi, imeungua kabisa, kwa vipimo vyangu vya kipimajoto na mizani ile ni kosa la jinai. Nilikunywa vikombe vinne vinne na kashata. Nikapiga picha. Nikaandika humu humu kwamba kahawa siyo kinywaji ni baraza, mkanipa like nyingi sana, asanteni.

Begi langu lilikuwa hotelini. Hata halikunijia akilini. Ungenipa shilingi milioni nisingetoa AeroPress mbele ya wale wazee wa dhumna, wangenicheka mpaka feri ya mwisho.

Sasa kwanini kule niliona aibu kuitoa na kwa mama mkwe sikuona aibu kuificha?

Nimezunguka na hilo swali sana na jibu silipendi. Kahawa ya Jaws Corner niliiheshimu kwasababu inaingia kwenye picha. Kopo kwenye meza ya mama mmoja Bukoba halina picha ndani yake. Ni kopo. Na hilo kopo linatoka kiwandani hapo hapo Bukoba, huenda kuna buni za kibanja kile kile zimepita humo, na yeye mwenyewe anakunywa chai ya maziwa maisha yake yote, hagusi kahawa ya kikombe. Kwaiyo alilinunua kwa ajili ya nani?

Foili yake ilikuwa haijatobolewa. Hiyo ndo inayoniuma. Kijiko kilikuwa kinasubiri niseme ndiyo ndo akitumbukize.

Kuna siku pia najiambia nimekuza mambo. Mama ana mifugo, ana shamba, ana wajukuu wa kuwasomesha, anakaa anawaza kopo? Labda aliona tu halinywewi akalirudisha kabatini. Mambo ya makopo ndo yanaendaga hivo. Najiambia hivo, nalala, naamka saa kumi na moja, nashika grinda, krrr, na nalikumbuka tena.

## Simu ya kwanza

Mke wangu nilimwambia wiki ya tatu. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Ulimwambia mama umeshakunywa? Chumbani?"

"Ndiyo."

"Kwake?"

"Ndiyo."

Akakunja mashati mawili matatu. "Sisi tukienda kwa mama yako," akasema, "mimi ile mboga yenye chumvi nyingi huwa naimaliza."

Hakuongeza kitu na hakuhitaji.

Nikajipa moyo nikapiga. Shikamoo mama, marahaba baba, watoto hawajambo, mvua inanyesha, ndizi zimepigwa na ule ugonjwa tena, nikawa nazunguka zunguka natafuta pa kuingilia, mwisho nikasema mama, lile kopo la kahawa uliloniwekea siku ile, samahani sana sikulinywa.

"Kopo lipi?"

"La Africafe mama. Lilikuwa mezani."

"Aaaa! Lile! Lile lilienda msibani, kwa jirani. Watu walikesha, likasaidia sana."

Nilipumua mpaka akasikia. Akaniuliza kama nina mafua. Nikakata simu nimenyooka mgongo, nikaenda kumtangazia mke wangu kwamba yameisha, kopo lilienda msibani, wala hakukuwa na neno.

"Msiba wa nani?" akauliza.

Sikuuliza.

Akaniangalia kidogo. "Mama hawezi kukwambia wewe. Wewe ni mkwe." Alafu akaenda kuangalia wali.

Kwaiyo tukarudi pale pale. Nililala siku nne hotuba ya kuomba msamaha naipanga kichwani na hakuna sehemu ya kuisemea, maana huwezi kumwomba mtu msamaha wa kitu ambacho amekataa kabisa kwamba kipo.

Nimeanza kuhesabu upya begi. Kipimajoto nimekitoa, nimekubali kwamba maji yakichemka ukaacha mfuniko wazi kama dakika moja yanafaa, na juu huko kwenye baridi hata usisubiri. Mizani bado naibishania, najaribu kukariri kijiko cha plastiki kinachokuja na AeroPress kinabeba gramu ngapi za kahawa yangu, wastani napata 15 na kidogo. Kikombe cha pili nimeongeza, cha bati, maana nimegundua miaka yote sita nilikuwa nabeba kimoja. Hilo nalo nimekaa nalitazama mezani jioni nzima.

## Simu ya pili

Juzi Jumapili mama alimpigia mwanae. Wameongea Kihaya nusu saa, wanacheka, mi nimekaa sebuleni nasafisha grinda na kibrashi, nimeitawanya meno yake yote kwenye gazeti. Nikasikia jina langu mara mbili. Alafu mke wangu akaja na simu ameiweka spika, ana ule uso wa mtu anayebana kicheko.

"Mama anakuuliza kitu."

Nikafuta mikono. Shikamoo mama.

"Marahaba baba. Hivi, Desemba mnakuja wote?"

"Tunakuja mama."

"Haya. Sasa na kile kimashine chako, kile kinacholia alfajiri."

Mke wangu akaangalia dari.

"Eeh mama."

"Kinasaga karanga?"

Meno ya chuma yametandazwa mbele yangu kwenye gazeti, safi, yanang'aa, hayajawahi kuguswa na tone la mafuta tangu yatoke kwenye boksi. Mke wangu amesimama na simu mkononi, ananiangalia mimi, anaangalia grinda, na najua kabisa anawaza hiliki.

"Kinasaga, mama."